Waziri wa Mtaro

Siku hizi kila mtu anajua jinsi kijana anavyogeuka mwanaharakati wa mazingira. Mwanamke wa redio aliyekuja saluni kwangu na kinasa sauti alisema huanza kwa kuipenda dunia. Bwana mmoja wa shirika, mwenye viatu vya bei mbaya, alisema huanza kwa kujengewa uwezo. Niliwapa viti, nikawasikiliza, nikajitia hamnazo. Lakini ukweli ninao mimi. Mtoto wa kaka yangu alianza kwa sababu maji ya mtaro yalimharibia viatu vipya.

Hayo ndiyo mapenzi ya dunia. Viatu vyeupe pe, vya kujinyima, siku ya kwanza kuvivaa. Mvua ikapiga mchana, mtaro wa mbele ya saluni ukajaa, maji yakaingia ndani bila hodi, yana rangi ya chai na harufu ambayo siwezi kuielezea mbele za watu. Sisi wengine tulishazoea. Mtaa wetu una saluni nyingi kuliko vichwa, na kila msusi anajua la kufanya ikinyesha: draya juu ya meza, nyaya juu ya misumari, mteja miguu juu ya stuli, kazi inaendelea. Yeye akasimama katikati ya yale maji, akaangalia viatu vyake, akaniangalia mimi.

"Shangazi, hii siyo mvua. Huu ni uzembe."

"Basi wapigie simu wakubwa," nikamwambia, nikaendelea kusuka.

Kumbe atapiga kweli! Mtoto gani huyo, mzaha kwake ni amri.

Alikuja kwangu baada ya kumaliza shule, matokeo yake yakiwa ya kuwafanya wazazi waangalie chini wakiulizwa. Kaka yangu alimleta mwenyewe, akaniambia, "Dada, mfundishe kazi. Mdomo anao tayari." Na kweli, mdomo alikuwa nao. Vidole pia, tuseme haki. Ndani ya mwaka alikuwa anasuka mistari iliyonyooka mpaka mafundi wa saluni jirani wakawa wanapita dirishani wakijifanya wanatafuta chenji. Ila ukikaa kwenye kiti chake ulitoka na nywele nzuri na hotuba. Tabianchi, hewa ya ukaa, misitu, barafu inayoyeyuka sijui wapi huko. Utafanya nini? Kichwa chako kiko mikononi mwake. Wateja wengine walisinzia, wengine walibishana, na wachache, sijui walirogwa na nani, wakawa wanarudi kumsikiliza.

Aliyempa jina la Waziri ni Baridi. Baridi anauza maji na soda ng'ambo ya mtaro, pale mtaro unapoingia kwenye kalavati lililopita chini ya barabara. Ana meza, ana mwavuli uliochanika, na ana friza moja ya kulala ambayo anaifuta vumbi kwa upole kuliko alivyowahi kumfuta mtoto wake kamasi. Mtoto mwenyewe sasa ni binti mkubwa, anasomea uuguzi, na anasoma kwa nguvu ya friza hiyo hiyo. Hakuna mwajiri mwingine katika nyumba ile. Baridi na mtoto wa kaka yangu walikuwa watani wa kutukanana kutwa nzima juu ya maji machafu.

"Mheshimiwa Waziri wa Mazingira!" Baridi alikuwa anaita asubuhi. "Bajeti ya mtaro imepita?"

"Itapita nikishakufukuza wewe na chupa zako!"

Tulicheka. Mtaa mzima ulicheka. Laiti ningejua, ningemziba mdomo kwa kitana.

Basi, hizo simu zake zikamfikisha kwenye warsha. Warsha ya vijana na mabadiliko ya tabianchi, katika hoteli yenye zulia. Alirudi na mafua, kwa sababu kiyoyozi kilipigwa kutwa nzima wakati wao wanajadili jinsi dunia inavyopata joto. Kila mshiriki aliwekewa chupa ya maji ya plastiki mbele yake, na nyuma ya meza kuu likatundikwa bango refu la plastiki lililoandikwa TOKOMEZA PLASTIKI. Akapewa cheti, nacho kimefunikwa plastiki kisilowe. Nilipomuuliza kama hakuona kichekesho hapo, alinijibu kwa sauti ya puani kwamba mimi nimekatishwa tamaa na mfumo. Mimi! Nimekatishwa tamaa na vitu vingi, mume wangu wa kwanza akiwemo, lakini mfumo sijawahi kukutana nao.

Jambo moja la maana walimfundisha huko: chagua kitu kimoja kilicho karibu nawe, usihangaike na dunia nzima. Akachagua mtaro. Akawakusanya vijana wenzake wachache, wa vibanda vya simu, wa kinyozi, na yule dada wa duka la vitambaa ambaye huwa hakosi popote penye kupigwa picha. Wakauzunguka mtaro siku nzima wakiuangalia kama wakwe wanaokagua nyumba. Kisha wakapiga picha. Kwenye mdomo wa kalavati kulikuwa na chupa za plastiki zinaelea, nyingi tu, na nyuma ya chupa, wazi kabisa, meza ya Baridi na mwavuli wake. Waziri akaandika chini yake: HIKI NDICHO KINACHOTUZAMISHA. Akairusha kwenye simu.

Loo, ile picha ilitembea! Watu ambao hawajawahi kuukanyaga mtaa wetu wakalia machozi juu ya mtaro wetu. Redio ikaja, shirika likaja. Ofisi ya mji, ambayo sisi wasusi tumeiomba ituzibulie lile kalavati mpaka tukasahau tulianza lini, ikamtuma Afisa Mazingira akiwa na fulana mpya. Akamshika Waziri mkono, akamwita "binti yetu". Kichwa kikamvimba, nami nikamwona, lakini nilisema acha afurahi, ujana ndio huu.

Wiki haikuisha, wakaja askari wa mji na kopo la rangi. Wakavuka mtaro, wakasogeza vikopo vya Baridi kando, wakachora alama ya X nyekundu kwenye ubavu wa friza. Aondoke, wakasema. Ndiye chanzo cha kuziba. Jumamosi kutakuwa na usafi wa mtaa, pamoja na mgeni rasmi, na kesho yake asubuhi friza inabebwa. Kumbuka, kuchimba kalavati kunataka mashine, mafuta na watu wenye nia. Kumwondoa mtu mmoja mwenye mwavuli kunataka kopo la rangi.

Waziri alikuwa na kichwa cha mteja mkononi. Akakiacha, akatoka mbio. "Mimi sikuomba hivi! Niliomba mzibue mtaro!"

"Ndiyo tunaanza hivyo, dada," askari akamjibu. "Hongera sana."

Baridi aliliangalia lile X, akachukua kitambaa chake, akajaribu kulifuta. Rangi ikazidi kutapakaa. Kuanzia saa hiyo hakumtania tena Waziri, hakumwita jina lolote. Akipita mbele yake anaangalia juu, kama mtu anayetafuta mvua. Afadhali angetukana.

Tukagombana, mimi na huyu mtoto. Nilimwambia nenda ofisini kwao ukaseme umekosea. Akaenda kweli, akarudi amevimba macho. Afisa alimwambia asiogope mafanikio.

"Lakini, Shangazi," akasema, na hapo ndipo aliponikata maini, "chupa ni zake. Uonevu ni uonevu, sawa, lakini chupa ni zake. Mtaro umezibwa na nini kama siyo chupa?"

"Baridi anauza maji. Hakuuza mtaro!"

"Basi Jumamosi tutaona kinachotoka humo ndani."

Aha. Jumamosi tuliona.

Walikuja wengi, fulana za kijani mtaa mzima, muziki, kipaza sauti, turubai kwa ajili ya wakubwa na jua kwa ajili yetu. Mgeni rasmi alichelewa kama inavyompasa mgeni rasmi. Alivaa mabuti mapya na glavu ambazo bado zilikuwa na kile kiuzi cha bei. Akapewa koleo, akaokota chupa moja iliyokuwa imewekwa tayari mahali pazuri, kamera zikapiga, akarudisha koleo. Baridi alikaa ng'ambo kwenye stuli yake, mikono kifuani. Friza ilikuwa imeshatolewa vinywaji nusu, kwa ajili ya kubebwa.

Kisha vijana wenye nguvu wakaingia mtaroni na kulabu ndefu za chuma. Zikatoka chupa. Zilikuwa chache, kusema kweli. Watu wakaanza kunong'ona, Afisa akahimiza, "Endeleeni, ziko ndani zaidi!" Wakasukuma kulabu mpaka mwisho, ikanasa. Wakavuta. Haikuja. Wakaongezeka wavutaji, mmoja akateleza akakaa majini, mtaa ukaangua kicheko. Wakavuta tena kwa pamoja, na kalavati likatoa mlio ambao bado ninausikia.

Zikatoka nywele.

Siyo nywele za mtu, Mungu apishe mbali. Nywele za bandia, zile tunazosukia. Zilitoka zimesokotana, nene kama paja, na hazikuisha. Unajua zile hazifi, haziozi, ukizizika leo wajukuu wako watazifukua zinang'aa. Zikaja nyeusi, zikaja za maruni, zikaja za rangi ya dhahabu za wakati ule wasichana wote walitaka dhahabu. Ilikuwa historia ya mitindo ya mtaa wetu, imelala barabarani inachuruzika. Na nyuma yake maji yote yakaguna, yakazunguka, yakaenda zake. Mtaro ukabaki mtupu. Hatukuwa tumewahi kuuona chini yake.

Fundi cherehani, mteja wangu wa miaka, akapiga kelele kutoka katikati ya watu: "Haa! Hizo za buluu ni zangu! Za harusi ya mdogo wangu! Hakuna mwingine aliyesuka buluu!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha kicheko kikapungua, na macho yote, moja baada ya jingine, yakageuka kuelekea kwenye milango ya saluni. Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu akisuka, mabaki huanguka chini, na jioni mwanafunzi wa saluni hufagia. Anafagia kuelekea wapi? Nje, mtaroni, maji yachukue. Kila saluni, kila jioni. Nani alianza? Usiniulize mimi, nilikuta mtaa unafanya hivyo. Kwangu mimi mfagiaji alikuwa Waziri. Alifagia vizuri sana huyo mtoto, hakubakiza hata unywele.

Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa amesimama kando ya lile rundo, amelitazama tu, fulana yake ya kijani imeandikwa MLINZI WA MAZINGIRA kifuani. Halafu akaenda akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Hizi nywele ni zetu," akasema. "Siyo chupa za mtu yeyote. Mimi ndiye nilizitupa humu. Mimi, kwa mikono yangu. Nikamsingizia mwingine."

Nikasema moyoni, jamani mtoto wangu, watamla mzima. Mgeni rasmi akainuka kwenye kiti chake.

Akapiga makofi.

Afisa naye akapiga makofi. Turubai lote likapiga makofi. Mgeni rasmi akachukua kipaza sauti, akasema hajawahi kusikia ujumbe mzito kiasi hiki kutoka kwa kijana, kwamba kila mmoja wetu ajiulize ana nywele zipi ndani ya mtaro wake.

"Hapana!" Waziri akasema bila kipaza sauti. "Sisemi mafumbo! Nasema mimi! Zile za maruni nilizifagia kabla ya—"

Makofi yakaongezeka. Ndugu zangu, nimeona watu wakikataa kukiri, lakini sijawahi kuona mtu akikiri mpaka koo linakauka halafu akakosa wa kumwamini. Yule wa redio alikuwa anafuta machozi.

Baada ya shughuli Afisa alikuja saluni amechangamka. Alimwambia Waziri kuna kongamano kubwa nje ya nchi, kuna nafasi ya kijana mmoja, na kijana huyo amepatikana. Ndege, hoteli, kila kitu. Mtoto ambaye hajawahi kupanda hata lifti! Nikamwona amemeza mate.

"Na Baridi?" akauliza.

"Nani?"

"Mwenye friza. Lile X mtalifuta?"

"Aa, hilo ni la idara nyingine. Amri imeshatoka, na amri haiwezi kurudi nyuma. Wewe usichanganye mambo. Angalia picha kubwa."

Waziri alivua ile fulana ya kijani hapo hapo mbele yake. Ndani alikuwa na blauzi, tulieni. Akaikunja vizuri, akampa. Afisa alifikiri anaombwa saini.

Nililala vibaya usiku ule. Nilimwonea hasira kwa ajili ya Baridi, nilimwonea hasira kwa ndege aliyoikataa, na nilitaka kumkumbatia, vyote kwa wakati mmoja. Asubuhi nilipofungua saluni hakuwepo. Ufagio ulikuwepo. Mabaki ya jana yalikuwa kwenye gunia, limefungwa mdomo. Nikatoka nje kumtafuta, nikamwona ng'ambo ya mtaro, na aproni yake ya kazi, amekaa juu ya friza ya Baridi, Baridi mwenyewe kwenye stuli yake pembeni.

Gari la mji lilikuwa limeshafika. Askari walikuwa wamesimama wamemzunguka, mkuu wao amekunja uso.

"Dada, si wewe uliyetuita?"

"Ni mimi."

"Sasa unatuzuia nini?"

"Nilikosea. Jana nilisema, mkapiga makofi."

"Mimi sikupiga makofi, nilikuwa kwenye gari. Shuka, tufanye kazi."

"Fanyeni. Mimi nina uzito, mtabeba vyote viwili."

Hakuwa na bango. Hakukuwa na redio, wala shirika, wala wale vijana wa picha. Yule dada wa duka la vitambaa alipita upande wa pili akijifanya anaongea na simu. Watu wa mtaa walisimama mbali, kila mtu anaogopa lake. Alikuwa peke yake. Nikachukua stuli saluni, nikavuka. Nilimwambia yule mkuu kwamba huyu ni mfanyakazi wangu, yuko kazini, na mteja wake anakuja, basi atasukia hapo hapo. Na fundi cherehani akaja kweli, Mungu ambariki mwanamke yule na kelele zake, akaketi kwenye stuli mbele ya friza, akainamisha kichwa. Waziri akaanza kugawa nywele njia. Mkuu wa askari akatoa simu, akapiga, akangoja, akapiga tena. Ilikuwa Jumapili, ofisini hapakuwa na wa kupokea. Wakangoja juani. Jua likapanda, gari likawa la moto, na mwishowe yule mkuu akasema sawa, watarudi kesho, na kesho hawatabembeleza. Wakapanda, wakaondoka.

Hapo ndipo Baridi alipoinuka kutoka kwenye stuli yake. Akaja mpaka mbele ya friza, akasimama, akamtazama mtoto wa kaka yangu usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya rangi.

"Inuka," akasema.

Waziri akashuka. Mikono ilikuwa bado na nywele, uso ameuinamisha. Alifungua mdomo aseme pole. Baridi akafungua mfuniko, akainamia ndani, akachaguachagua kama mtu mwenye shehena nzima, kumbe zimebaki chupa za kuhesabu. Akatoa moja, akaifungua, akamshikisha.

"Kunywa," akasema. "Na kesho uwahi. Hao jamaa huwa wanaanza na mimi."